Sokoke: Asili na Sura ya Paka wa Pwani ya Kenya

Sokoke ni paka wa kufugwa mwenye manyoya mafupi na mabaka ya rangi ya gome la mti. Kwao ni pwani ya Kenya, katika vijiji na mashamba yanayouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi. Wagiriama, wenyeji wa sehemu hizo, humwita kadzonzo, na walimjua kabla jina la Sokoke halijaandikwa katika daftari la chama chochote cha wafuga paka. Mbegu nyingi za paka zinazoonyeshwa leo kwenye mashindano zilitengenezwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani baada ya maonyesho makubwa ya paka kuanza London mwaka 1871: walichagua rangi waliyoitaka, wakachanganya damu, wakatupa wasichokipenda. Sokoke hakutengenezwa hivyo. Alikutwa ameshakuwa alivyo, na kazi ya wafugaji ikawa kumhifadhi tu, kazi ambayo, kama itakavyoonekana, haikuwa rahisi.

Msitu uliompa jina wastahili maelezo machache, kwa kuwa ndio uliozaa fikra nyingi zisizo sahihi juu yake. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, nao ni mkubwa kuliko misitu mingine yote mikavu iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwenye mchanga mweupe imeota mirihi; kwenye udongo mwekundu kuna vichaka vilivyosongamana hata mtu hapiti bila panga; upande wa mashariki miti imechanganyika, mbambakofi ukiwa miongoni mwayo. Ndani yake wanaishi wanyama wasioonekana kwingineko ila kwa nadra: sange mkubwa mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na bundi mdogo aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1966, ambaye naye huitwa kwa jina la Sokoke. Kanu na fungo huzurura humo usiku. Basi mtu akisikia kwamba kuna bundi wa Sokoke na paka wa Sokoke, ni rahisi kuwaweka wote wawili katika kundi moja la viumbe wa msituni. Bundi ni wa msituni kweli. Paka ni habari nyingine.

Dhana hiyo ilitiwa nguvu na namna paka huyu alivyopata kujulikana nje ya Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jeni Slater, mkazi wa Watamu, alikuta vitoto vya paka vichakani katika shamba la minazi. Alichukua dume na jike akawalea. Vikazoea nyumba na watu, vikakua, vikazaa, na vitoto vyao vikatoka na mabaka yale yale. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito kwa mfugaji: sura isiyorudi katika kizazi kinachofuata ni ajali tu, lakini sura inayorudi ni nasaba. Mwanzoni paka hawa waliitwa paka wa Kiafrika wa manyoya mafupi. Jina la Sokoke likaja baadaye. Katikati ya miaka ya 1980 Gloria Moeldrup, rafiki wa Slater, aliwapeleka baadhi yao Denmark, ambako walizalishwa na kuonyeshwa hadharani. Mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la vyama vya wafuga paka, FIFe, likawatambua kuwa mbegu kamili. Vyama vingine vikafuata, kikiwamo TICA chenye makao yake Marekani. Kwa hiyo mbegu ya Kilifi ilipata hati zake Skandinavia, na mpaka leo wafugaji wengi wa Sokoke wako Ulaya Kaskazini na Marekani kuliko Kenya.

Kwa sura, Sokoke ni paka wa umbo la wastani, mrefu kuliko mpana, mwembamba lakini mwenye misuli mikavu. Uzito wake huwa kama kilo 3 hadi 5, na dume humzidi jike. Miguu ni mirefu, na ya nyuma imezidi ya mbele, kwa hiyo mgongo wake hupanda kidogo kuelekea nyongani. Paka wote hutembea kwa vidole, si kwa unyayo. Lakini kwa Sokoke jambo hili huonekana zaidi, kwa sababu goti la mguu wa nyuma limenyooka kuliko la paka wengine. Akitembea, hasa akiwa na haraka, sehemu ya nyuma huonekana kama inanyata huku ya mbele ikienda kawaida. Waamuzi wa mashindano huitazama hatua hiyo kwa makini, kwa kuwa rangi inaweza kuigwa kwa kuchanganya mbegu, ila mwendo ni vigumu kuuiga.

Kichwa ni kidogo kikilinganishwa na mwili. Kina umbo la kabari iliyolainishwa pembe zake. Paji ni karibu bapa, mifupa ya mashavu imejitokeza, na pua imenyooka bila bonde kubwa kati ya macho. Dume akikomaa mashavu hujaa, na hapo hufanana kidogo na paka shume yeyote wa mjini. Masikio ni makubwa kiasi, yamesimama wima, na yanayopendwa zaidi ni yale yenye shungi dogo la nywele kwenye ncha, ingawa shungi si sharti. Macho yana umbo la lozi, yamelala kwa mshazari kidogo, na rangi yake huanzia kaharabu hadi kijani hafifu. Kuyazunguka kuna mstari mweupe au wa rangi ya maziwa unaoyafanya yaonekane makubwa kuliko yalivyo. Mkia ni wa urefu wa wastani, mnene kwenye shina na mwembamba mwishoni, na ncha yake daima ni nyeusi.

Manyoya ni mafupi, yamelala juu ya ngozi, yanang'aa, na chini yake hakuna sufi ya kutosha kumzuia baridi. Huu ni mwili wa mnyama wa joto: miguu mirefu na mwili mwembamba hupoteza joto upesi, na manyoya mepesi hayalizuii lisitoke. Ndiyo sababu wafugaji wa nchi za baridi huwaweka ndani wakati wa majira ya baridi kali. Anayetaka paka wa kulala nje kwenye theluji atafute mwingine.

Lakini kinachomtambulisha Sokoke kwanza ni mabaka. Paka wenye michoro mwilini wako wa namna kadhaa. Wa kawaida kabisa ni yule mwenye milia myembamba iliyoshuka ubavuni. Mwingine ana madoa. Mwingine hana michoro mwilini ila rangi iliyonyunyizwa tu. Sokoke ni wa namna ya nne, ya mabaka mapana: mgongoni mistari mitatu minene inakwenda hadi mkiani, mabegani mchoro uliopanuka mithili ya mbawa za kipepeo, na kila ubavu una baka kubwa la mviringo lililozungushiwa pete. Usoni ana mistari kutoka kwenye pembe za macho, na kwenye paji alama inayofanana na herufi M. Miguuni kuna mapete, na shingoni kuna mistari inayofanana na mkufu.

Hayo yote anaweza kuwa nayo paka wa mtaani wa London au Istanbul. Tofauti ya Sokoke iko ndani ya mabaka yenyewe. Kwa paka wengine wa namna hii baka ni jeusi tii, limejaa, na mpaka wake umekatika wazi. Kwa Sokoke, nywele za ndani ya baka zina mapingili: kila unywele umegawanyika katika vipande vya rangi nyeusi na vya hudhurungi. Hivyo baka huonekana kama limetobolewa katikati, jeusi pembeni na lenye chembechembe za rangi mbili ndani. Mapingili hayo hushuka hadi kwenye miguu na vidole. Matokeo yake, paka aliyetulia kwenye kivuli cha minazi anaweza kupitwa na jicho. Rangi ya chini hutofautiana, kuanzia mchanga wa pwani hadi kahawia iliyoiva, na mabaka huanzia kahawia iliyokolea hadi nyeusi. FIFe hairuhusu rangi nyingine: katika mfumo wake wa alama paka huyu huandikwa SOK n 22, n ikimaanisha kundi la rangi nyeusi na kahawia, na 22 ikimaanisha mabaka.

Chanzo cha mabaka kinajulikana vizuri. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba milia na mabaka ya paka hutawaliwa na jeni iitwayo Taqpep. Jeni ikiwa nzima, paka hutoka na milia. Nakala zote mbili zikiwa na hitilafu, milia huungana na kuwa mabaka. Paka mwenye nakala moja nzima na moja yenye hitilafu ana milia kama kawaida, ila anaibeba hitilafu na anaweza kuirithisha. Kwa hiyo wazazi wawili wenye milia, wote wawili wakiwa wabebaji, wanaweza kuzaa mtoto mwenye mabaka, na kwa wastani ni mmoja kati ya wanne. Wazazi wawili wenye mabaka hawazai chochote ila mabaka. Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini vitoto vilivyozalishwa Watamu vilirudia sura ya wazazi wao bila kukosea.

Utafiti huo huo una jambo jingine la kustaajabisha. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu kwa duma, madoa yake huungana na kuwa mabaka na mistari minene mgongoni. Duma wa namna hiyo waliwahi kuonekana Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mwaka 1927 mtaalamu wa Kiingereza Reginald Pocock aliwatangaza kuwa spishi mpya, duma mfalme. Miaka mingi ilipita. Mwaka 1981 kwenye kituo cha De Wildt, Afrika Kusini, duma wa kawaida walizaa mtoto mwenye mabaka, ikathibitika kwamba duma mfalme si spishi ya peke yake. Kisa hicho ni onyo zuri kwa kila anayemtazama Sokoke na kudhani kwamba manyoya ya ajabu lazima yatokane na damu ya mnyama wa ajabu.

Dhana hiyo ilikuwepo. Wapo waliosema Sokoke ni spishi ya paka mwitu iliyojificha msituni; wengine wakasema ni chotara wa kimburu, yule paka mwitu wa Afrika. Ya pili haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu kimburu na paka wa nyumbani ni ndugu wa karibu mno, huzaliana wakikutana, na watoto wao nao huzaa. Zaidi ya hayo, paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamii ya kimburu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asili yao ni paka mwitu wa Mashariki ya Kati, na katika kisiwa cha Cyprus limepatikana kaburi la miaka 9,500 iliyopita ambamo mtu na paka walizikwa pamoja. Wakulima wa kwanza walipoanza kuhifadhi nafaka, panya walifuata nafaka na paka wakafuata panya. Lakini vinasaba vya Sokoke havikuonyesha spishi mpya wala uchotara wa karibuni wa msituni. Ni paka wa nyumbani, na ndugu zake wa karibu ni paka wa mitaani wa pwani ya Kenya, wakiwamo wa visiwa vya Lamu na Pate.

Sura yenyewe ingetosha kutia shaka. Kimburu hana mabaka. Ana milia hafifu juu ya rangi ya mchanga. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mabaki ya paka wa kale zaidi ya 200, kutoka Ulaya, Afrika na Asia ya Kusini-Magharibi. Hitilafu ya Taqpep inayoleta mabaka kwa paka haikuonekana kabla ya Zama za Kati. Ilipatikana kwanza kwa paka wa karne ya 14 wa Asia ya Kusini-Magharibi, katika himaya ya Waosmani, ikaenea Ulaya na Afrika baadaye. Kwa hiyo mabaka ya Sokoke, hata yaonekane ya kale namna gani kwa macho, si urithi wa msitu. Yaliletwa na paka waliotoka kwingine.

Njia waliyopitia si vigumu kuikisia. Katika utafiti wa paka wa dunia nzima, vinasaba vya paka wa pwani hii vinakaribiana na vya paka wa nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Arabuni kuliko vya paka wa Ulaya. Ramani hiyo ni ile ile ya majahazi. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kusi ikawarudisha, na kati ya pepo hizo mbili vyombo vilikaa bandarini miezi mingi vikipakua na kupakia. Chombo kilichobeba nafaka, tende na nguo kilihitaji paka kwa sababu ya panya. Panya weusi, ambao asili yao ni Asia, walifika kwa njia hiyo hiyo, na mifupa yao imechimbuliwa Unguja Ukuu katika tabaka za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke upo mji wa kale wa Gede, uliostawi kuanzia karne ya 12 hivi hadi ya 17, ambamo James Kirkman alichimbua vyombo vya kauri kutoka China na shanga za ng'ambo. Mji ulioweza kupokea kauri za China haukushindwa kupokea paka. Gede ilipohamwa, msitu ukarudi ukafunika misikiti na jumba la mfalme. Wanyama walioachwa nyuma hawakuwa na mtu wa kuwaita.

Si lazima kudhani kwamba Sokoke ni wajukuu wa paka wa Gede hasa. Inatosha kujua kwamba sehemu hiyo ilikuwa na watu, bandari na maghala kwa karne nyingi, na baadaye mashamba ya minazi, ambako panya hutoboa nazi na kushambulia mbata. Humo paka aliishi nusu wa nyumbani na nusu wa kichakani: hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyempimia chakula. Katika kundi dogo lililokaa mahali pamoja, jamaa huzaana na jamaa, na hapo jeni inayojificha nyuma ya nyingine hupata nafasi ya kujitokeza. Wapo wanaodai mabaka yalienea kwa sababu yalimficha paka vichakani. Huenda yalisaidia, lakini udogo wa kundi peke yake waweza kueleza jambo hili bila msaada wowote.

Udogo huo huo ukawa mzigo wa wafugaji. Paka waliopelekwa Denmark walikuwa wachache sana, na uzao wote wa mwanzo ulitokana nao. Mbegu ya namna hiyo hudhoofika: vitoto hupungua, maradhi ya kurithi hujitokeza, nguvu ya kupambana na ugonjwa hushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 paka wengine walichukuliwa Kenya kutoka sehemu zile zile za asili, wakapelekwa Ulaya na Marekani ili kuongeza damu. Ndipo wafugaji wakaanza kusema juu ya ukoo wa zamani na ukoo mpya, na wengi wa Sokoke wa leo ni mchanganyiko wa koo hizo mbili. Waliokuja baadaye walitofautiana kidogo na wa kwanza, baadhi wakiwa na rangi vuguvugu zaidi. Tofauti hizo ziliwasumbua wapenda usawa, ila ndizo zilizoipa mbegu pumzi.

Mara kwa mara huzaliwa Sokoke asiyelingana na kipimo cha mashindano. Yuko mweusi mtupu, ambaye mabaka yake huonekana kama kivuli akisimama juani. Yuko mwingine mweupe mwenye masikio, uso, miguu na mkia wa rangi nzito na macho ya buluu. Huyu ana jeni inayofanya rangi itokee sehemu za mwili zilizo baridi tu, ile ile ya paka wa Siam. Jeni hiyo chimbuko lake ni Asia. Haithibitishi peke yake kwamba mababu wa Sokoke walitoka huko, lakini haipingani na yaliyosemwa juu ya majahazi. Paka hawa hawapewi zawadi kwenye maonyesho, ingawa afya yao haina kasoro.

Kwa tabia, wafugaji humsifu kwa wepesi, kupenda kupanda juu na kushikamana mno na wenzake wa nyumba, watu na paka pia. Si paka wa kubebwabebwa mapajani. Hufuata watu chumba hadi chumba na kusema nao kwa sauti. Mara nyingi huchanganywa na Bengal, kwa kuwa wote wawili wana sura ya mwituni. Bengal, hata hivyo, alitokana na kuzalisha kwa makusudi paka wa nyumbani na chui-paka wa Asia, na mfugaji wake aweza kuonyesha mwitu katika ukoo wa paka wake. Wa Sokoke hawezi.

Huko Kilifi, kadzonzo hana hati wala mfugaji. Watamu na Malindi zimekua, wageni wamekuja na paka wao, na paka wa mitaani wa rangi zote huzaana na wale wa mashambani. Jeni ya mabaka haipotei kwa kuchanganyika hivyo, ila hujificha nyuma ya milia na kungoja mbebaji mwenzake. Kinachotawanyika upesi zaidi ni mkusanyiko wa sifa zote pamoja: mabaka yenye mapingili, miguu mirefu ya nyuma, goti lililonyooka na kichwa kidogo. Kila moja hurithiwa kwa njia yake, na kwa paka wasiochaguliwa na mtu yeyote hakuna kinachozifunga mahali pamoja. Ndiyo maana zinazidi kukutana zote kwa paka mmoja katika nyumba za wafugaji wa ng'ambo kuliko katika mashamba ya minazi yalikotoka.